Aliyeitika Ndani ya Kaseti

Wimbo huo mnaoucheza harusini ulitungwa na Cirhuza, yule mpiga gitaa wa mtaa wa Kadutu. Mwaka 1998 mkewe Colette alishuka Luberizi, bondeni kando ya mto, kununua mchele, vita vikafunga barabara nyuma yake. Cirhuza akatunga wimbo wa kumwita, ili kaseti zifike alikoshindwa kufika yeye.

Alirekodi mchana chumbani kwa Tonton Jacques, mzee aliyerekodi wanamuziki wa mtaani, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magodoro, giza tupu. Aliimba, "Colette, uko wapi?" kisha akaacha kimya kifupi. Walipousikiliza wimbo, mwanamke aliitika kwa mbali katika kimya kile: "Niko hapa."

"Ni yeye," Cirhuza alisema.

"Ndugu, humu tulikuwa siye wawili tu," Jacques akajibu. "Pengine iko sauti ya zamani kwenye kaseti, haikufutika muzuri."

Wakainakili kaseti yao ili nakala ziuzwe sokoni. Kaseti ikinakiliwa kutoka kaseti nyingine, sauti hufifia. Gitaa lilififia kweli, lakini mwanamke akazidi kusikika.

Miezi ikapita. Cirhuza akapata sokoni nakala ya nakala, akaisikiliza nyumbani peke yake. Gitaa halikuwepo tena. Alimsikia Colette akihema karibu sana, matone ya maji yakimdondoka sakafuni, kisha akiuliza polepole, "Cirhuza, humu iko giza tupu, mulango ya kutoka iko wapi?"