Nishani Niliyopewa kwa Jina la Mjomba

Nina miaka thelathini na miwili, ila nikisimama mbele ya darasa asubuhi najiona kama mtu wa sabini. Ni mwalimu hapa Pasiansi, sina mke, sina mtoto, na juu ya kabati langu lipo kopo la majani ya chai lenye nishani ya fedha ndani yake. Walimu wenzangu hawajapata kuiona. Nawaeleza ninyi wasomaji msionijua, maana nimechoka, jamani... nimechoka kweli.

Nishani hiyo sikuipata kwa kukimbia mbio wala kwa vita. Niliipata kwa kalamu. Ilikuwa tuzo ya elimu ya utawala, ikitolewa mara moja kwa mwaka kwa mwanafunzi mmoja tu katika nchi nzima, yule aliyeandika vizuri kupita wote juu ya namna watu wanavyotawala na kutawaliwa. Mmoja tu! Na mwaka huo mmoja huyo akawa mimi, kijana wa Buswelu niliyekulia nyuma ya ng'ombe.

Baba na mama walikufa nikiwa mdogo sana. Aliyenilea ni mjomba, kaka yake mama, mzee Masanja. Hakujua kusoma hata jina lake, lakini ndiye aliyenivuta mkono mpaka shuleni siku nilipolia nikitaka kubaki na ndama. Mkewe nilimwita mama naye akaniita mwanangu, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kunikumbusha kuwa mimi ni yatima.

Mjomba alikuwa kiongozi wa kikundi cha jembe. Kwetu watu hawalimi mmoja mmoja. Wanajipanga mstari mmoja, watu thelathini hata arobaini, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Ngoma ikinyamaza wanapanda juu ya jabali kupumzika, wanakula michembe, vile vipande vyetu vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na kunywa maziwa ya mgando.

Miaka ile wakoloni walikuwa wametuletea amri juu ya amri. Lima matuta hivi! Punguza ng'ombe! Ukikataa unafungwa. Na mikutano ilikatazwa, watu wakikusanyika bila kibali, askari hao! Lakini nani angekataza watu kulima? Basi maneno yote yakawa yanasemwa juu ya jabali wakati wa kupumzika. Amri ipi tuikatae, nani aende kwa mtemi, nani apeleke habari kijiji cha pili. Mjomba ndiye aliyefungua mazungumzo na ndiye aliyeyafunga. Lilikuwa bunge kamili, nawaambia! Askari wakipita barabarani walisema tu, hawa Wasukuma wanapenda kazi.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, mwalimu wetu, Mzungu mmoja mrefu, mpole, alitutangazia ile tuzo. Mshindi angepata nishani na nafasi ya kwenda kusoma Ulaya. Wenzangu walikimbilia vitabu kuandika habari za bunge la Waingereza. Mimi nikajisemea, mbona bunge ninalo nyumbani?

Likizo ilipofika nikaenda Buswelu. Mjomba akisuka kamba uani, mimi nauliza, yeye anajibu, siku baada ya siku, bila kunificha hata neno. Nilipomwambia kuwa nataka kuyaandika hayo wakubwa wa elimu wayasome, alicheka mpaka kamba ikamtoka mkononi.

"Waandikie, mwipwa wangu," akasema. "Wajue kwamba na sisi tuna akili."

Lakini je, mjomba alijua kuwa mwisho wa insha ya kitaalamu huandikwa majina? Angejuaje, maskini? Mwalimu alikuwa ametuimbia kila siku kwamba insha isiyomtaja mtu aliyekupa habari ni porojo, haipati alama. Nami nilitaka alama... Loo, nilizitaka! Ukurasa wa mwisho niliuandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Wa kwanza, mzee Masanja wa Buswelu, kiongozi wa mazungumzo. Chini yake nikapanga wengine sita. Mjinga mimi, niliona ninawapa heshima!

Wakati huo nilikuwa nimesharudi mjini kunakili insha yangu, na tarehe ya mwisho ilikuwa bado siku mbili. Baiskeli nilikuwa nayo. Kwenda Buswelu na kurudi ni safari ya siku moja, tena unapata na muda wa kula. Ningemsomea mjomba ukurasa ule kwa Kisukuma, naye angeniambia toa majina. Sikwenda. Niliipeleka posta, nikarudi zangu kucheza mpira.

Niliposhinda, mjomba alikuja kwenye sherehe amevaa koti la kuazima lililombana mabegani. Aliipapasa nishani kwa vidole vyake vigumu, akaigeuza, akaniuliza jina langu limeandikwa wapi. Nikamwonyesha. Akalipapasa tena, machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sitakuwa nayo tena.

Insha yangu ikachapishwa kuwa kijitabu. Kijitabu kikatembea, mwisho kikafika mezani kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya.

Hata msimu wa kulima haukuisha. Askari walifika shambani ngoma ikiwa inapigwa, wakamwamuru mpigaji aache, kisha mmoja wao akatoa karatasi na kuanza kuita majina. Masanja! Halafu wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Mama alikuwepo. Baadaye alinitajia majina yale jinsi yalivyoitwa. Hata mpangilio hawakuubadilisha. Ulikuwa ni ule ule wa ukurasa wangu wa mwisho.

Siku ya kesi nilikaa benchi la tatu. Nishani nilikuwa nayo mfukoni, sijui hata niliibebea nini. Mkalimani akasoma kijitabu changu, akikigeuza kutoka Kiingereza, na mjomba akayasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia kutoka kinywani mwa mtu asiyemjua. Ushahidi wao wote ulikuwa kijitabu kile. Hawakuwa na kingine chochote!

Hakimu akauliza kama maneno haya ni ya kweli, au mwandishi ameyatunga. Akasema kama yametungwa, kesi haina miguu, ila basi yule kijana ni mwongo na tuzo yake itafutwa.

Mjomba aligeuka, akanitazama.

Ndugu zangu, mnaelewa nilichotakiwa kufanya? Kusimama tu! Kusema, bwana hakimu, niliyatunga. Maneno matatu, manne. Ningepoteza nishani na Ulaya, ningerudi nyumbani na mjomba wangu, tungekula ugali jioni ile. Nilijua. Msidanganyike kwamba sikujua. Nilitazama viatu vyangu... viatu vipya nilivyopewa kwa safari.

"Nilimwambia mimi," mjomba akasema. "Mtoto huyu hasemi uongo. Lakini hawa sita walikuja kulima tu, hawana neno."

Wale sita waliachiliwa. Mjomba akahamishwa kupelekwa wilaya ya mbali huko kusini, bila kuambiwa atarudi lini. Mwezi uliofuata mimi nikapanda gari moshi kwenda kusoma Ulaya.

Mama alikuja stesheni kuniaga. Aliniletea michembe kwenye kitambaa. Kikundi cha jembe kilikuwa kimepigwa marufuku, kwa hiyo alikuwa analima peke yake, na mikono yake ilikuwa imepasuka. Hakunilaumu hata kidogo. Aliniambia nivae nguo nzito kwa kuwa amesikia kule kuna baridi. Angenitukana siku ile, ningeshukuru!

Miaka mitatu nilisoma namna watu wanavyotawaliwa. Nilipata cheti. Mama alishikwa na homa mwaka wa pili, akafa katika nyumba isiyo na mume wala mtoto, na barua ya msiba ikanifikia wiki nyingi baada ya mazishi. Nilikaa kitandani na koti langu zito, nikashindwa hata kulia.

Nilirudi kukiwa na shangwe za uhuru. Mji mzima unaimba, meli ziwani zinapiga honi, mimi nipo stesheni nawangojea waliorudishwa kutoka uhamishoni. Mjomba alishuka akiburuta mguu mmoja na kukohoa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwipwa wangu. Mama yako yuko wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Ikabidi niseme mimi.

Mnadhani yaliishia hapo? Thubutu! Baada ya uhuru kamati moja mpya ya elimu iliniandikia. Eti insha yangu imeonekana kuwa kazi bora ya siasa ya wananchi, nami nitapewa tuzo ya pili mbele ya umati mjini, insha ile ile! Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nitapanda jukwaani, nitaeleza yote, nitaomba msamaha watu wote wakisikia. Nikapanda baiskeli mpaka Buswelu kumweleza mjomba. Ndiyo, safari hii nilikumbuka baiskeli.

Alikuwa uani anasuka kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ya kesi nilikutazama," akasema. "Nilikungoja usimame. Sikusimama... hukusimama. Sasa unataka kusimama penye makofi?"

Ulimi ulimteleza hivyo hivyo, mzee wa watu. Kisha akakohoa, akaniuliza kama nimekula.

Tuzo ya pili niliikataa kwa barua ya mistari miwili. Hawakuelewa, wakadhani ninaringa.

Sasa kila Jumamosi naenda Buswelu kulima. Kikundi kimerudi, ngoma imerudi, na watu wananipa nafasi kwenye mstari bila kinyongo. Wananiita mwalimu, wananitania kuwa jembe langu linaogopa ardhi. Lakini ngoma ikinyamaza, tukipanda juu ya jabali, nikisogea na kata yangu ya maji, mazungumzo yanakatika. Wanaanza kuzungumzia mvua.

Jumamosi iliyopita walikuwa wanabishana jambo zito, nadhani la mpaka wa mashamba. Nikakaribia. Aliyeinua mkono kuwanyamazisha alikuwa mjomba mwenyewe.

"Ngojeni kwanza," akasema, "mwenye kalamu apite."

Watu wakacheka. Yeye akacheka. Na mimi nikacheka, nikapita, nikaenda kukaa upande wa pili wa jabali na maji yangu.

Ndugu msomaji, hasa wewe kijana uliye shuleni unayetamani kusimama na kupigiwa makofi, nakusihi usifuate njia yangu. Mtu akikufungulia moyo wake, kabla hujaandika jina lake popote, rudi kwake ukamsomee. Na kama umeshakosea, simama siku ile ile! Usingoje miaka ipite. Mimi nilikaa benchi la tatu, mlango ulikuwa wazi, na hakuna mtu aliyekuwa amenishika.