Globu Tatu za Rosalia

Kila asubuhi chai ya Rosalia ilipoa mezani. Akinywa funda moja, anainuka. Anakwenda nyuma ya nyumba kuchungulia banda la vifaranga. Anarudi, anakaa, anainuka tena.

Hakuwa na raha. Mvua ilikuwa inanyesha Goba wiki nzima, na vifaranga hawawezi baridi. Walikuwa mia moja. Sasa walibaki sitini na wawili. Wale aliowafuga mwaka jana walikufa wote.

"Hawa nao wakifa, mie basi," alimwambia mumewe. "Sifugi tena."

Mumewe, Gregori, ni seremala huko Keko. Kwa vitanda ni fundi hasa, hilo hatumnyimi. Lakini taa za kuwapa vifaranga joto bandani alizifunga mwenyewe. Globu tatu, na zote zilikuwa zinawaka kwa uvivu. Moja ikiungua, zote zinazimika.

"Globu feki hizi," alisema Gregori. "Nitanunua nyingine."

"Umenunua mara ngapi, Baba Vaileth?"



Asubuhi moja zilizimika tena. Rosalia alikuta vifaranga wamerundikana pembeni, wanalaliana. Wanne wa chini walikuwa wamekufa. Alilia. Kisha akakimbilia kwa jirani yake Najma, fundi umeme.

Najma alizima kwanza swichi kubwa ya nyumba. Akapima kwa testa, akahakikisha waya hauna umeme. Ndipo akaufuata waya kwa kidole.

"Shemeji, umeziunga globu moja nyuma ya nyingine," alimwambia Gregori. "Sikiliza. Umeme unakuja kwa waya mmoja, unapita kwenye globu, unarudi kwa waya wa pili. Hiyo njia nzima ndiyo saketi. Wewe umeweka njia moja tu kwa globu zote. Moja ikiungua, njia imekatika."

"Na mbona zinafifia?" aliuliza Rosalia.

"Zinagawana umeme wa globu moja. Sahani ya mtu mmoja wakila watatu, nani atashiba?"

Gregori alikuna kichwa. "Kwa hiyo globu si feki?"

"Globu nzima, shemeji. Feki ni ufungaji."

Rosalia alicheka, machozi hayajakauka.

Najma alifunga upya. Kila globu ikapata njia yake kutoka kwenye zile nyaya mbili. Swichi ilipowashwa, banda liling'aa. Joto likazidi, wakazipandisha globu juu kidogo.

"Wakirundikana, wana baridi. Wakiikimbia taa, wana joto," alisema Najma. "Na waya msiguse tena. Niiteni."

Siku ya nane, Rosalia alikuwa ndio kwanza amemimina chai. Gregori alichungulia dirishani.

"Mama Vaileth, globu moja imezimika!"

Rosalia alitoka mbio hadi bandani. Globu mbili zilikuwa zinawaka vizuri. Vifaranga walikuwa wametawanyika, wanadonoa chakula. Aliwahesabu mara mbili. Hamsini na wanane, hakupungua hata mmoja.

Alirudi ndani, akakaa.

"Kaweke globu nyingine," alimwambia mumewe. "Ila zima swichi kwanza."

Akainua kikombe. Chai ilikuwa bado ya moto.