Saa ya Rukaiya

Wallahi hili silitungi, lilimpata Hamid, mwenzangu wa chuo na wa kusota. Sisi wenye digrii za kompyuta kazi hatupewi, lakini jirani akinunua kidude tu: "Mwanangu, njoo unitengenezee." For free, of course!

Bi Mwanakheir wa Malindi alimwita baada ya alasiri. Binti yake Rukaiya katoka kupasuliwa moyo, na mama hamrejeshi skuli mpaka apate saa ya kumpimia mapigo. Shangazi kaileta kutoka Maskati.

Hamid akamkuta mtoto ukumbi wa ndani, usio na dirisha, kajikalia kimya kwenye kochi. Akamvisha saa. Simu yake aliyoiunganisha nayo ikaandika: hakuna mapigo.

"Feki hii, Bi Mwanakheir."

"Au ndo digrii yako feki?"

Hamid akaivaa mwenyewe. Moyo wake ukasomeka pale pale. Akamvisha tena Rukaiya. Hakuna mapigo.

"Usinitie hofu, baba," mama akanong'ona. "Hebu mguse."

Alipomshika tu kifundo cha mkono, umeme ukakatika. Giza totoro. Feni ikalialia mpaka ikanyamaza. Hapo ikasikika miguu mitupu ikishuka ngazi za darini, na sauti ya mtoto: "Mama! Fundi wa saa yangu kashafika?"

"Naam, Rukaiya, nnakuja," Bi Mwanakheir akajibu kwa mazoea, akaifuata sauti akipapasa ukuta.

Hamid akabaki kwenye kochi. Ule mkono aliokuwa kaushika ukageuka taratibu, na vidole viwili vya baridi vikatulia juu ya mshipa wake.