Nguo ya Kuogelea Isiyopauka

Kila Jumamosi asubuhi, wenzake wakiwa wanapiga mbizi bwawani, Filimbi alikuwa amejifungia bafuni akiiogesha nguo. Aliishika nguo yake nyekundu ya kuogelea chini ya bomba mpaka ikalowa chepechepe, kisha akainamisha kichwa ili nywele nazo zipate fungu lake. Baada ya hapo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisikiliza maji yakipigwa huko nje. Kila kishindo kilimshtua kana kwamba ni yeye aliyetumbukia.

Jina la Filimbi alipewa na watoto wa mtaa wao kwa sababu ya pumu. Akikimbia kidogo tu, kifua kilipiga mluzi. Daktari ndiye aliyeshauri aogelee.

"Atajifunza kupumua vizuri na kifua kitapata nguvu," alimwambia bibi yake. "Aanze polepole, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu."

Bibi alikuwa fundi cherehani. Jioni hiyohiyo alikata kitambaa chekundu, akashona nguo mbili zinazofanana: moja ya mjukuu wake, nyingine ya rafiki yake wa nyumba ya pili, msichana aliyeitwa Chura kwa jinsi alivyopenda maji.

Siku ya kwanza Filimbi alishuka bwawani mpaka maji yakamfika kifuani. Yakambana. Papo hapo akakumbuka siku pumzi ilipomkatika shuleni, akawa anavuta hewa na hewa haiji. Watoto wengine waliyachezea maji kwa sababu hawakujua kukosa pumzi kukoje. Yeye alijua. Akatoka mbio, akamwambia kocha kuwa tumbo linamuuma. Wiki iliyofuata kikauma kichwa. Viungo vya kusingizia vilipomwishia, akahamia bafuni, na kocha akadhani ameacha.

"Haya, mke mwenzangu," Bibi alimuuliza kila aliporudi, "leo umefika wapi?"

"Leo nimevuka mpaka upande wa pili, Bibi."

"Mpaka upande wa pili. Kumbe nafuga samaki humu ndani." Bibi akaichukua nguo, akaigeuza geuza, akaianika kambani.

Jumatano moja, wakiwa mezani, Bibi alijikanda magoti yaliyochoshwa na pedali ya cherehani. "Daktari kasema na mimi niingie majini. Eti mwili unakuwa mwepesi, magoti yanapumzika huku misuli inafanya kazi. Kwa hiyo Jumamosi tunaongozana. Mimi sijui kuogelea, ila sina wasiwasi. Wewe utanishika."

Filimbi akalirudisha tonge sahanini.

Kesho yake alimweleza Chura. Chura hakucheka.

"Mwambie ukweli."

"Ataumia moyo."

"Na akizama, ataumia nini?"

 Siku mbili zile Filimbi alilala vibaya, akiota kitambaa kichwani kwa Bibi kikielea peke yake juu ya maji.

Jumamosi Bibi alitokea bwawani amevaa vazi alilojishonea mwenyewe, refu mpaka chini ya magoti, lenye mifuko miwili. Mifuko ya nini, hakuna aliyethubutu kuuliza. Akaupita upande wa maji mafupi, akaenda moja kwa moja kwenye ngazi ya kina kirefu, mahali ambapo sakafu haionekani.

"Bibi, si huko."

"Si ndiko unakovuka? Tangulia basi, unipokee."

Filimbi aliyatazama maji. Kifua kikaanza mluzi wake. Bibi akashika chuma cha ngazi, akageuka, akateremsha mguu wa kwanza. Filimbi akamdaka mkono, akaushikilia kwa nguvu zote.

"Usiingie, Bibi. Sijui kuogelea, naogopa maji. Nilikuwa nakudanganya. Huwa nalowesha nguo bombani."

Bibi alirudisha mguu juu. "Najua," alisema taratibu. "Nguo zenu nimezitoa kitambaa kimoja. Ya Chura imepauka na inanuka dawa ya bwawa. Yako inanukia sabuni yangu." Akaonyesha nyuma ya Filimbi. Kocha alikuwa amesimama hatua chache tu, boya mkononi. Bibi alikuwa ameshapanga naye. "Ila hili la kuogopa nisingelijua bila wewe kunieleza. Na mimi naogopa. Hebu nishike hapa."

Bibi naye akaushikilia mkono wa Filimbi kwa nguvu zote.

Filimbi akavuta dawa kwanza kwa pampu yake, kisha wakaenda upande wa maji mafupi, wakashuka pamoja kama watu wanaoingia chumba chenye mtoto aliyelala. Kocha akawafundisha jambo moja tu siku hiyo.

"Msiibane pumzi. Vuteni juu, pulizeni ndani ya maji, taratibu, kama mnapoza chai."

Filimbi akazamisha midomo. Akapuliza. Mapovu yakamtekenya pua. Akainua kichwa, na hewa ilikuwepo palepale ikimsubiri. Akarudia.

Tangu hapo hawakukosa Jumamosi. Usingizi wa Filimbi ukawa mzito, na akaweza kukimbia mpaka dukani bila mluzi. Bibi naye alipiga pedali bila kuguna.

"Mimi nilikasirishwa na uongo, si woga," Bibi alimwambia siku moja akianika nguo. "Mwoga akisema, anapata wa kumshika mkono. Ukificha, hata dawa iliyo mbele yako haikuponyi. Maji yalikuwepo siku zote, mwenzangu. Wewe ulikuwa bafuni."

Filimbi akaitazama nguo yake kambani. Wekundu wote ulikuwa umeondoka.

"Imeharibika, Bibi."

Bibi akainusa, akatabasamu. "Haijaharibika. Sasa ndiyo imekuwa nguo ya kuogelea."