Mwanaume Aliyeyapa Magoli Mgongo

— Dik Rum, vua hiyo barakoa.

Aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, na jukwaa zima la mashariki likageuka kunitazama. Sarjito alikuwa amesimama juu ya kijukwaa chake cha chuma, mgongo kwa uwanja, uso kwetu, kama kila mechi. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba nina mafua.

— Mafua tutaugua wote. Bila uso wako nitajuaje kama tumefunga?

Watu wakacheka, ngoma zikadunda. Nikavua. Kamba ya barakoa ikanasa kwenye hereni.

Niwaambie mapema kwamba mimi ni mwoga, na siku ile nilikuwa na sababu. Sarjito ni fundi wa vyerehani, lakini siku ya mechi ndiye anayeongoza nyimbo za mashabiki wa Persigeni, timu ya mji wetu wa Watugeni. Mwenye kazi hiyo haangalii mpira. Anaangalia watu, wakilegea anawaamsha. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuona goli hata moja la timu yake likiingia. Miaka minne iliyopita alichagua uso mmoja safu ya tatu uwe unamsimulia mechi, na uso wenyewe ndio huu wangu. Nikiuma mdomo, anajua ni kona yao. Nikicheka, anainua mikono yote miwili juu, na ngoma zinapasuka.

Tulianza hivyo, kutazamana dakika tisini bila kusemeshana, mpaka siku moja akanifuata kwenye kibanda cha bakso, supu ya vidonge vya nyama, akaniuliza kwa nini goli la pili sikulifurahia. Nikamwambia mfungaji alikuwa ameotea. Alicheka mpaka supu ikampalia. Tangu hapo mimi nikawa Dik wake, mdogo, naye Mas wangu, kaka, kama wapenzi wa Java wanavyoitana. Na sasa wazazi wake walikuwa waje kwetu kuniposa Jumapili, kesho yake tu.

Balaa ni kwamba mimi ni karani wa klabu. Wachezaji walikuwa na miezi mitano bila mshahara, basi la timu limekamatwa na wadai. Jumanne Pak Hardono, meneja wetu, alifunga mlango wa ofisi akaniambia niandike barua. Persigeni imeuzwa kwa tajiri wa makaa ya mawe wa Kalimantan, ng'ambo ya bahari. Msimu ujao itacheza huko, kwa jina jingine na jezi nyingine. Barua itatolewa Jumamosi saa moja usiku, watu wakishafika majumbani.

— Tuna mageti manne, Mbak Rum, na mawili hayafunguki vizuri, aliniambia. Neno hili likitoka mechi ikiendelea, watu watavamia uwanja na polisi watapiga mabomu ya machozi. Kitakachofuata unakijua.

Nilikijua. Hakuna mtu Java asiyekijua: watu kukanyagana hadi kufa kwenye mageti yasiyofunguka. Tangu siku hiyo usingizi ulinikimbia, na kila Sarjito aliponitumia picha ya bango kubwa wanalolichora kwa ajili ya msimu ujao, nilimjibu kwa alama ya dole gumba.

Basi nikakaa pale safu ya tatu, uso wazi, roho juu. Kipindi cha kwanza nilijikaza. Dakika ya sitini na nne tukapata kona, beki wetu akaruka, akapiga kichwa, mpira ukatikisa wavu. Watu elfu kumi na mbili wakalipuka. Mimi nikalia, na hayakuwa machozi ya furaha, na mtu mmoja alikuwa ananiangalia.

Sarjito hakuinua mikono. Alitoa simu mfukoni, na yangu ikatetemeka.

"Huo si uso wa goli. Kuna nini?"

"Baada ya mechi, Mas."

"Ni kuhusu kesho? Hutaki tena?"

Ikaingia nyingine.

"Kuna mtu mwingine?"

Nilipoinua macho, alikuwa ameketi juu ya kijukwaa. Hajawahi kuketi. Ngoma zikapoteza mapigo, watu wakaanza kuulizana Jito kapatwa na nini. Nyuma yangu mzee mmoja akasema huenda kasikia jambo kuhusu timu, na jirani yake akasema hata yeye kasikia tetesi. Neno likaanza kupanda safu kwa safu. Kule pembeni ya uwanja polisi wakavaa kofia zao ngumu. Nikaangalia geti namba tatu, moja ya yale mawili, na mtoto aliyelala begani kwa baba yake karibu nalo.

Niliona njia moja rahisi. Nimwandikie ndiyo, kuna mwingine. Angenichukia mimi peke yangu, na siri ingebaki siri. Niliandika "Ndi". Nikafuta. Nikaruka kizuizi, nikashuka hadi chini ya kijukwaa.

— Zima kipaza sauti, Mas.

— Nimezima. Sema tu kama ana pesa kunishinda.

— Timu imeuzwa. Inakwenda Kalimantan. Hii ndiyo mechi yetu ya mwisho.

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake.

— Umejua lini?

— Jumanne. Barua niliichapa mimi.

Kidole gumba chake kilikuwa juu ya swichi. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: mageti, polisi, mabomu. Alitazama jukwaa, kutoka safu za juu hadi za chini, kisha akawasha. Nikafumba macho.

— Watugeni, alisema, sauti imemkwaruza. Leo tunaimba hadi mwisho. Filimbi ikilia, hakuna wa kuruka uzio. Tunatoka polepole tukiimba, wenye watoto kwanza. Atakayemsukuma mwenzake, msimu ujao haimbi na mimi.

Wakamjibu kwa kishindo. Msimu ujao! Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akageuka, akautazama uwanja. Dakika ishirini zilizobaki aliongoza nyimbo akiwa ametugeuzia mgongo, na goli jingine halikupatikana. Filimbi ilipolia alitugeukia, akawatoa watu safu baada ya safu. Ilichukua dakika arobaini. Nilisimama karibu na geti namba tatu, kucha zimezama viganjani, hadi yule mtoto akapita bado amelala. Hakuna aliyeanguka.

Sarjito alipita wa mwisho.

— Siku nne nzima nachora bango, Dik, na wewe unanitumia dole gumba.

Akaenda zake.

Barua ilipotoka, matairi yalichomwa mbele ya ofisi, lakini yalikuwa matairi tu. Nilimwandikia: "Nilikuogopea wewe. Niliwaogopea wote." Tiki moja.

Jumapili mama alitandika mkeka, akapanga keki za mchele, ndugu wakajaa. Saa nne wageni hawajafika. Saa tano mjomba akaanza kula. Mimi nilikuwa jikoni namenya vitunguu ambavyo hakuna aliyeviomba, nikiogopa hata kuchungulia barabarani. Ndipo nikasikia pikipiki, na nyingine nyuma yake.

Waliingia na sinia zao. Sarjito alivaa batiki, macho yamevimba, akaketi mbele yangu akitazama mkeka. Baba yake alisema maneno marefu ya heshima, kisha mama akanigeukia, akasema nijibu mwenyewe. Sauti ilinitoka nyembamba.

— Kwanza nataka kujua kama Mas bado ana hasira.

Mjomba akaacha kutafuna.

— Ninayo, alisema Sarjito. Jana nimeutazama uwanja dakika ishirini. Nimeona nyasi, na watu wanakimbizana. Sikujua niogope wakati gani wala nifurahi wakati gani.

Kisha akainua macho, akayaweka usoni kwangu, palepale alipoyaweka miaka minne.

— Haya. Jibu.

Nikafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Sarjito alikuwa ameshainua mikono yote miwili juu.