Bomba Lililolia Bila Upepo

Sikusimuliwa. Niliyaona mwenyewe, na anayebisha aje Rochdale amuulize shangazi yangu Hilda, kama ana ubavu.

Jumamosi ile tulifika kwenye sinema ya zamani saa mbili asubuhi, na chupa yetu ya chai. Kwa miaka sita mimi na Shangazi tulikuwa tukibandika ngozi mpya ndani ya kinanda cha mabomba, kile kilichosindikiza filamu enzi zilipokuwa hazina sauti. Mwenye jengo, Bwana Entwistle, alikuwa ametupa muda hadi saa nne. Kikipigika, kinabaki. Kisipopigika, mabomba yanakwenda kuyeyushwa.

Saa tatu na nusu, bomba moja likaanza kulia lenyewe.

Hilo si ajabu, vali ya kupitisha upepo hukwama. Dawa yake ni kulichomoa bomba. Shangazi akapanda ngazi hadi chumba cha mabomba, akalichomoa. Mlio haukukoma. Nikazima mashine ya upepo. Haukukoma.

Nikapanda kumfuata.

"Ni Clegg," nikanong'ona. Clegg ndiye aliyekuwa mpigaji wa mwisho. Alikufa akiwa ameapa kwamba hakuna atakayekigusa baada yake.

"Namjua. Alikuwa mchoyo hata wa biskuti," Shangazi akasema. "Washa mashine, Beryl. Ukae upige."

"Shangazi, twende zetu."

"Nenda wewe. Mimi siachi miaka yangu sita kwa maiti."

Niliona haya. Nikashuka, nikawasha, nikakaa. Entwistle akaingia, akakunja uso kwa ule mlio. Kule juu Shangazi akaliziba kwa kiganja tundu lililobaki wazi pale alipochomoa bomba.

Kimya.

Nikapiga. Niliogopa, tena nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonibeba. Katikati ya wimbo wa pili nikasikia Shangazi akiguna, mara moja tu. Sikuacha.

Entwistle akatia saini kwamba kinanda kinabaki, akaenda zake.

Shangazi alishuka polepole, amefumba ngumi.

"Amesaini?"

"Amesaini."

Ndipo akaifumbua. Kiganjani palikuwa na alama za meno, duara zima, juu na chini, damu ikichuruzika. Tundu lile halipitishi hata kidole gumba.

"Ang'ate tu," akasema, akimimina chai kwa mkono ule ule. "Jumamosi ijayo navaa glavu."