Fundi Aliyekataa Kupona

"Kaza tumbo. Usibane pumzi."

"Nimekaza."

"Hujakaza. Inua mguu, tazama ukutani."

Fundi akainua mguu, akayumba, akamwangukia mkewe begani mzima mzima. Kidoti akamdaka, mgongo ukamlia ndani kwa ndani. Tangu asubuhi alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni, vidole bado vimekunjamana kwa maji.

"Pole, mke wangu."

"Tuendelee," alisema, ingawa alichotamani ni kulala pale pale sakafuni.

Ndivyo jioni zao zilivyokuwa tangu Fundi aanguke akipaka rangi ghorofani na kuvunjika nyonga. Mtaalamu wa viungo aliwafundisha kulala chali na kuinua kiuno, kujinyoosha juu ya viwiko, kuruka hatua fupi za pembeni, kusimama kwa mguu mmoja. Asichokijua mtaalamu huyo ni kwamba kabla ya ajali Kidoti alikuwa ameshaamua kuondoka. Alichoka kuishi na mwanamume anayerudi, anakula, analala, kama mpangaji. Hata hospitalini alimwambia mumewe bila kuficha:

"Nitakuuguza. Siku ukisimama mwenyewe, naondoka."

Siku moja maji yalikatika kazini, wakaruhusiwa mapema. Kidoti alipofika karibu na dirisha la nyumba yake akasikia mluzi, akachungulia. Fundi alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Aliinama, akaokota kikombe sakafuni, akainuka nacho taratibu bila kutikisika. Akabadilisha mguu. Kisha akaruka kushoto, kulia, kushoto, mwepesi kama paka.

Kidoti hakuingia. Akampigia simu mtaalamu.

"Samahani, mume wangu atapona lini?"

"Kwani hajakwambia? Nilishamruhusu kurudi kazini! Alisema anataka kukushtukiza."

"Amenishtukiza kweli. Asante."

Akafungua mlango. Fundi akaukumbatia ukuta haraka.

"Uachie huo ukuta."

"Leo nyonga imeniamkia vibaya..."

"Nimekuona dirishani. Uachie."

Akauachia. Akasimama wima, macho chini.

"Kumbe ulikuwa unaniangukia makusudi? Na mgongo wangu huu?"

"Sikujua unaumwa mgongo."

"Utajuaje? Umewahi kuniuliza?"



"Ulisema nikisimama unaondoka. Nikaogopa. Na jioni zile ndiyo tulikuwa tunaongea, Kidoti. Unanigombeza, mara unacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chako."

"Ukaona bora nichakae?"

"Nilijifikiria mwenyewe tu. Sina cha kujitetea."

Kidoti angekuwa na nguvu angepiga kelele hadi majirani wajae. Hakuwa nazo. Akaanza kukusanya nguo.

"Unaniacha?"

"Naenda kwa dada, kulala. Mengine sina nguvu ya kuyafikiria."

Kwa dada yake alilala usingizi wa maiti. Alipoamka alikuta ujumbe wa Fundi: "Leo nimerudi kazini." Hakujibu. Ukaingia mwingine: "Nimepika. Nimeunguza." Akaubana mdomo usicheke. Kesho yake ukaja mfupi zaidi: "Mgongo unaendeleaje?" Huo aliusoma, akaurudia, akaiweka simu kifuani.

Siku zilizofuata Fundi aliuliza hivyo hivyo, asiombe kingine. Ndipo Kidoti akaanza kumjibu: "Unauma." "Afadhali." "Leo nimeinama bila kulia."

Jumapili hodi ikapigwa.

"Karibu shemeji," dada akasema. "Umekuja kumchukua mkeo?"

"Hapana, shemeji. Nimekuja kumjulia hali. Mkiniambia nirudi, narudi."

"Na hiyo nyonga, umekujaje?"

"Kwa miguu yangu. Kudanganya kumeisha."

Kidoti alikuwa nyuma ya pazia, ameegemea mlango. Akatoka. Uso wa mumewe ulikuwa na matone ya rangi nyeupe, mashavu yamebonyea.

"Umekonda."

"Nakula ninavyovipika."

Dada akaangua kicheko, akaenda zake uani.

"Hasira yangu haijaisha," Kidoti akasema.

"Najua."

"Leo sirudi."

"Sawa."

"Na kesho sirudi."

"Sawa, mke wangu. Pumzika."

Pumzika. Hakuna aliyekuwa amemwambia Kidoti neno hilo kwa muda mrefu. Machozi yakamlenga, akayafuta kwa kanga.

"Jumamosi njoo unibebee begi."

"Nitafika alfajiri!"

"Wee! Njoo jioni. Alfajiri nitakuwa nimelala."